Helikopta ya Mtu wa Chini

Des Halligan aliamka amechoka, na wala hakuwa na kazi ya kumchosha. Tangu daktari amzuie kurusha helikopta kwa sababu ya moyo, uchovu ulimkalia mwilini kama mgeni asiyeaga. Mtu ameswaga ng'ombe kutoka angani maisha yake yote, leo anaambiwa atembeetembee jioni na asipande ngazi haraka. Upuuzi mtupu!

Ndiyo maana alikuja kwenye duka la Noelene la vifaa vya uvuvi na michezo, hapo mjini Charters Towers, Australia, kutazama helikopta za rimoti zilizopangwa juu ya kabati la ndoana. Alitaka kuruka tena, basi, hata kwa vidole tu. Mkewe, Coral, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na feni, akijipepea kwa kofia.

"Nipe ile kubwa," alisema Des.

"Ile si ya kuanzia, mzee wangu," Noelene alimjibu. "Ukikosea inakukata. Chukua hii ndogo. Ina seti mbili za pangaboi, moja juu ya nyingine, inatulia yenyewe. Hata ukiibamiza ukutani haina kinyongo."

"Unamwambia nani aanze? Mimi nimepita katikati ya miti nikifukuza fahali! Hiyo kampe mjukuu wako."

"Mjukuu wangu anayo ile kubwa."

Coral akacheka. Des hakucheka.

Noelene hakutaka mabishano. Alimpa rimoti iliyounganishwa na kompyuta. "Ile kubwa imo humu. Ipeleke mbele, igeuze, irudishe kwako. Ukiweza, nakufungia."

Helikopta ilipaa vizuri kwenye kioo cha kompyuta, ikaenda mbele, na Des akaona raha ambayo hakuwa ameionja kwa miezi. Akaigeuza. Ilipoanza kumrudia ikapepesuka upande, naye akairekebisha kama alivyozoea. Ikazidi kupepesuka, ikaanguka. Akarudia, ikaanguka. Mikono ambayo haikuwahi kumwangusha ilikuwa inamwaibisha mbele ya wanawake wawili.

"Kushoto," Coral alisema kutoka kwenye kiti, Des alipoirusha tena. "Itaanguka kushoto."

Ikaanguka kushoto.

"Mashine mbovu hii," Des alinung'unika.

"Si mbovu," alisema Noelene. "Zamani ulikuwa umekaa ndani yake. Sasa uko chini. Ikikuelekezea pua, kushoto kwake ni kulia kwako. Marubani wote hujikwaa hapo, na hakuna wabishi kama nyinyi."

Des akaweka rimoti mezani. Roho ilimwuma. Alielewa kwamba alikuja kununua kiti chake cha zamani, na kiti hicho hakikuwa kwenye boksi lolote humu dukani.

"Twende nyumbani," alimwambia mkewe. Kisha akamgeukia. "Hebu, wewe ulijuaje itaanguka kushoto?"

"Unadhani nilikuwa nafanya nini uani kila jioni? Nilikuwa naitazama yako ikija. Ikiinama hivi, najua umechoka. Ikiinama vile, najua umegombana na meneja wa ranchi. Maji ya chai siyabandiki mpaka nione umetua."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekwambia ungeacha?"

Des akaisukuma rimoti kando. Miaka yote hiyo alitazama ng'ombe, miti na nyaya za umeme, na hakufikiri hata siku moja kwamba kuna mtu anamtazama yeye.

"Nimechoka, Des," alisema Coral, bila hasira. "Siku daktari alipokukataza, wewe ulilia. Mimi nililala. Usingizi ule sikuwahi kuupata tangu tuoane."

Feni ilizunguka. Noelene akajitia kupanga ndoana.

"Nifungie ile ndogo," hatimaye Des alisema. "Hiyo inayotulia yenyewe." Akamtazama mkewe kwa haya. "Nitairushia uani. Utakuja kunifundisha?"

"Thubutu!" Coral akainuka, akavaa kofia. "Zamu yako kusimama uani. Mimi nitakuwa ndani, nimelala."