Ndege Zinazozunguka Kushoto

Jumapili iliyopita mchana, baada ya kula wali na maharage, Hidaya Shemhilu alijilaza kwenye mkeka nyuma ya kibanda chake cha kutengeneza simu pale Manundu, Korogwe, akajifunika uso kwa mtandio, akaota ndoto ambayo mpaka leo hajui amweleze nani.

Lakini ndoto haina maana bila kilichoitangulia. Pale Korogwe kuna watu sita wanaorusha ndege ndogo za rimoti. Hukutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa zamani wa ndege, katikati ya mashamba ya mkonge. Kabla ya kurusha chochote hukaa chini na kuelezana makosa ya wiki: nani kaunguza mota, nani kaunga waya kinyume, nani ndege yake imelala juu ya nguzo ya umeme. Hakuna anayecheka mpaka aliyekosea acheke kwanza.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Mbelwa, mstaafu wa reli. Miaka thelathini aliwapungia bendera madereva wa garimoshi, na alipostaafu akakuta mikono bado inataka kuelekeza kitu. Alitumia miaka miwili kujenga ndege moja ya mbao nyepesi, mabawa mapana kuliko mlango. Aliiita Korongo. Hidaya ndiye aliyeipa akili: aliiwekea betri, mota na nyaya, na akaifundisha cha kufanya ikipoteza mawimbi ya rimoti. Izime mota, izunguke kushoto polepole, itue.

Siku ya kuirusha mara ya kwanza, Mzee Mbelwa alimkabidhi Hidaya rimoti, maana macho yake mwenyewe yalikuwa na mtoto wa jicho. "Irushe wewe, mwanangu. Mimi nitaisikiliza."

Korongo ikapaa vizuri mno. Dakika ya sita, simu ya Hidaya ikaita mfukoni. Aliinama kuitazama, kwa muda wa pumzi moja tu. Alipoinua uso, mbingu ilikuwa tupu.

Waliitafuta siku tisa katika miiba ya mkonge. Siku ya tisa Mzee Mbelwa alisema, "Uliangalia chini," akapanda baiskeli, akaondoka. Tangu siku hiyo ilipita miezi minane. Hidaya hakurudi uwanjani, na njia ya Kilole, anakokaa Mzee Mbelwa, hakuipita tena. Neno la kuomba radhi alikuwa nalo. Kila alipotaka kulipeleka, alijiambia kesho.

Sasa, ndoto.

Hidaya yuko kibandani, anafungua simu ya mteja. Anaondoa kifuniko, na ndani ya simu hakuna betri. Kuna uwanja wa ndege. Anauona mdogo, mwekundu wa vumbi, na upepo wake unampuliza usoni. Anainama aone vizuri, na tayari amesimama juu yake, viatu mkononi.

Kibao cha kanuni za chama chao cha warusha ndege kilikuwa pale langoni kama kawaida. Kilikohoa.

"Umechelewa miezi minane," kilisema.

"Nilikuwa na kazi," alijibu Hidaya.

"Hilo limeandikwa." Kikageuka upande wa nyuma, na kweli lilikuwa limeandikwa, kwa mwandiko wake yeye. "Kanuni ya kwanza. Hakiruki kitu ambacho hakijapimwa uzito."

Wenye mchezo huu wanajua kipimo hicho. Ndege huinuliwa kwa vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Ikilala sawa, iko tayari. Ikiinamisha pua, mbele ni kuzito. Ikiinamisha mkia, nyuma ni kuzito, na ndege ya namna hiyo ni heri isiruke.

Mawingu yakafunguka, vidole viwili vikashuka. Vilikuwa virefu kama minara ya simu, na kwenye kucha zake kulikuwa na gundi kavu. Vikamwingia Hidaya makwapani na kumwinua taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeinua kitu alichokitengeneza kwa mkono wake. Hidaya hakuogopa. Aliona tu haya, kwa sababu mara tu miguu ilipoacha ardhi, alipinduka kichalichali.

"Nyuma kuzito," vidole vikasema. Sauti ilitoka kwenye viungo. "Umekula nini?"

"Wali na maharage."

"Wali hauna uzito huu. Huku nyuma umebeba nini?"

Hidaya aliitazama mbingu, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kutazama.

"Basi ongeza kitu mbele," vidole vikasema. "Lile neno."

Akalitoa lilikokuwa, chini ya ulimi, akaliweka kwenye mfuko wa kifuani. *Nisamehe.* Lilikuwa la rangi ya risasi ya kuvulia samaki, na lilikuwa zito kupita umbo lake. Kibao kilitangaza: gramu arobaini na mbili. Papo hapo Hidaya akainuka, akalala sawa hewani, mikono imenyooka, wala hakutikisika. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja mgongo haukumuuma.

"Sawa," vidole vikasema, vikamshusha.

"Kanuni ya pili," kikasema kibao. "Pima mawimbi kwa hatua thelathini."

Mzee Mbelwa alikuwa amesimama mwisho wa uwanja, bendera ya kijani kwapani, uso umeelekea pembeni. Hidaya alitakiwa ampe mgongo, ahesabu hatua thelathini, kisha amwite. Mzee akisikia, mawimbi yapo. Asiposikia, hakuna cha kurusha.

Hatua ya kwanza ikamfikisha sokoni Manundu. Ya pili, darajani, mto Pangani ukipita chini yake. Ya tano alikuwa ndani ya wodi ya hospitali, akamwomba radhi muuguzi, akapita. Ya kumi na mbili ilikuwa juu ya milima ya Usambara, baridi imemshika visigino. Kuanzia ya ishirini hakukuwa na kitu chini ya mguu wake ila weupe, na weupe ule ulikuwa mgumu wa kutosha. Alihesabu kwa sauti ili asidanganye. Thelathini. Akageuka.

Korogwe ilikuwa kama punje ya mchele. Uwanja haukuonekana. Mtu juu ya uwanja je?

"Shikamoo, Mzee!" akaita.

Kimya. Soksi ya upepo ya uwanjani, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, ambayo ilikuwa imemfuata na mlingoti wake bila kuombwa, ilining'inia ikisubiri.

"Huenda hataki kuitikia," Hidaya akasema.

"Hiyo si kazi yangu," ikajibu soksi. "Mimi nasema tu upepo unatoka wapi. Kwa sasa unatoka kwako."

Ndipo sauti ikapanda kutoka chini kabisa, ndogo, imechanganyika na mkwaruzo kama wa redio ya zamani: "Marahaba."

Hidaya akaketi palepale juu ya wingu.

"Mawimbi yapo," ikasema soksi, ikajaa upepo. "Sasa inua macho."

Akainua.

Alichokiona hakikuwa na mwisho. Juu yake, tabaka juu ya tabaka hadi pale bluu inapogeuka nyeusi, zilikuwa zinazunguka ndege. Maelfu. Ndege za mbao na za povu la plastiki, ndege za mabua, helikopta ndogo zisizo na mkia, ndege zilizofungwa kwa uzi na mpira wa baiskeli, nyingine za zamani sana, zenye ngozi ya karatasi iliyokuwa njano kama jani kavu la mkorosho. Zote mota zimezimwa. Zote zinakata kushoto, polepole, hakuna inayogusa nyingine. Sauti pekee ilikuwa ya upepo juu ya mabawa, kama wanawake wengi walio mbali wanakung'uta kanga zilizofuliwa.

"Hizi ni za nani?" Hidaya akanong'ona.

"Za watu walioinama mara moja," ikasema soksi.

Machozi yalimtoka Hidaya bila huzuni, kama yanavyomtoka mtu aliyeingia mahali penye mwanga mwingi. Alikuwa amedhani kilichopotea huanguka. Miezi minane yote alikuwa ameiona Korongo imevunjika, imelowa mvua, mchwa wanaitafuna. Kumbe iko hapa, na wenzake, inafanya kwa uaminifu kile ilichofundishwa.

Akaitambua kwa ncha nyekundu za mabawa, zile alizozipaka Mzee Mbelwa kwa brashi ya nywele tatu. Ilikuwa inakuja upande wake, kubwa, kimya. Ilipomfikia ikapunguza mwendo.

"Korongo," akasema, "kwa nini hukutua?"

"Nilitaka kutua," ndege ikajibu. Sauti yake ilikuwa ya mbao kavu. "Nikatafuta uso wako, nijue ardhi iko wapi. Nikaona utosi."

"Lakini kanuni inasema anayerusha haondoi macho: mimi ndiye nikutazame wewe."

"Kanuni inasema tuonane."

Rimoti ilikuwa tayari shingoni mwa Hidaya, imewashwa. Akaweka vidole gumba kwenye vijiti.

"Twende nyumbani," akasema.

Sasa kuna jambo linalowatesa wanafunzi wote wa mchezo huu. Ndege inapokwenda mbali nawe, kushoto kwako ni kushoto kwake. Inapokujia, mambo hugeuka: ukiitaka kulia unaona inakwenda kushoto. Hidaya alijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini alipoigeuza Korongo ielekee Korogwe, kila kitu kiligeuka pamoja nayo. Mkono wake wa kulia ukahamia kushoto. Chini, mto Pangani ukaanza kupanda mlima bila haraka. Na macho yake Hidaya yakafunikwa na ukungu mweupe, mzito, akawa haoni hata rimoti.

"Mzee!" akapiga kelele. "Sioni!"

"Najua." Sauti sasa ilikuwa karibu, safi. "Mimi ndiye ninayeona. Yaani naona mpaka misumari ya mabati ya stesheni! Tulia, mwanangu."

"Nitaivunja."

"Nimeelekeza treni za mabehewa arobaini usiku wa mvua. Hii haina hata behewa. Kata kushoto. Kushoto kwake, si kwako."

Hidaya akasukuma kijiti. Akahisi upepo umebadilika shavuni.

"Vizuri. Shusha. Shusha tena. Basi, hapohapo."

Akawa anarusha kwa sauti ya mtu ambaye kwa miezi minane hakuwa amemsikia hata akikohoa. Jasho lilimwingia mdomoni. Mara Mzee Mbelwa akaacha kuelekeza.

"Kuna nini?"

"Uwanja haupo. Mkonge umeota mpaka katikati."

Hidaya aliisikia miiba ikisogeleana. "Tumepandwa kwa mistari," ukasema mkonge, maelfu ya sauti kavu kwa pamoja, bila ubaya wowote. "Hatuwezi kupisha."

"Niirudishe juu?"

"Betri haina kitu," ikasema Korongo kwa utulivu. "Nina mteremko mmoja tu."

"Niachie," akasema Mzee Mbelwa. "Nitaidaka."

"Mzee, mabawa yatakukata mikono! Ina kasi!"

"Niliijenga kwa mikono hii. Toa vidole kwenye vijiti."

Na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Vidole havikutaka kutoka. Siku ile aliacha kuitazama bila kukusudia, na leo anaambiwa aiachie kwa kusudi. Alisikia mluzi wa upepo juu ya mabawa, unapita kulia kwake, au kushoto, unashuka.

"Hidaya," akasema mzee. Hakuwa na desturi ya kumwita jina. "Nimekupa bendera ya kijani."

Hidaya akainua vidole.

Akasikia mbao zikipiga viganja. Pah! Kisha mtu akiguna kwa uchungu. Kisha mtu huyohuyo, mzee wa miaka sabini, akicheka kama aliyepokea mjukuu. Pah, tena. Pah, pah.

Ilikuwa hodi. Mtu alikuwa anapiga ubao wa kibanda kwa kiganja. Hidaya akaamka, mtandio umelowa, jua limeshahamia ukuta wa pili. Ilikuwa saa kumi kasoro. Alitoka akiwa amepanga kusema kwamba Jumapili hafungui.

Mzee Mbelwa alikuwa amesimama nje, baiskeli ameiegemeza ukutani, shati amefunga vifungo kombo kama mtu aliyeondoka nyumbani kwa haraka. Mkono wa kulia alikuwa ameunyoosha mbele, kiganja juu.

"Una kibano?" akauliza.

"Ninacho cha simu."

"Hichohicho."

Hidaya akamvutia kigoda, akaketi mbele yake, akaushika ule mkono. Katikati ya kiganja, chini ya ngozi, kulikuwa na kibanzi cha mbao nyepesi chenye urefu wa ukucha. Ncha yake ilikuwa nyekundu, na haikuwa damu bali rangi.

"Umekipata wapi?"

"Nimelala baada ya kula, nimeamka nacho."

"Una mbao pale nyumbani?"

"Nilizichoma zote mwezi wa tatu. Na brashi nikachoma."

Hidaya akawasha taa ya mezani. Akachukua kibano anachoshikia nyaya nyembamba kuliko unywele, akakisogeza kwenye kiganja. Akaweka kibano chini.

"Mzee, siku ile mimi..."

"Nilishakusikia," akasema Mzee Mbelwa. "Vuta taratibu."

Akavuta. Kibanzi kikatoka chote. Akakiweka kwenye kiganja chake mwenyewe akitazame vizuri chini ya taa. Kilikuwa kimetoka sasa hivi katika mkono wa mtu aliye hai, mchana, Korogwe, lakini kilikuwa baridi kama barafu, na hakikupata joto mpaka jua lilipozama.