Papa wa Kila Asubuhi

Afisa wa takwimu aliwasili kwenye kituo cha kupimia samaki saa mbili asubuhi, fomu za miaka kumi na moja zikiwa kwapani. Adhuhuri ilimpasa atie sahihi mpango wa taifa wa kuwahifadhi papa. Vituo vyote vilikuwa vikilia uhaba wa papa, isipokuwa hiki kimoja: hapa, kila siku ya Mungu, alipimwa papa mmoja wa kilo thelathini na sita, asiyezidi wala kupungua. Kwa ajili ya papa huyo, kamati ya mpango huo ilikuwa tayari kuruhusu nyavu kubwa ziendelee kutegwa.

Karani wa kituo alikuwa mjomba wake, ndiye aliyemlea binti huyu na kumfundisha tarakimu. Alimpokea kwa utani, akamwuliza kama huko ofisini wanakula karatasi, maana amekonda. Wavuvi wakacheka, wakapima vijisamaki vyao visivyotosha hata kuidanganya njaa.

Kisha kicheko kikakatika kama uzi. Wavuvi wakavua kofia, wakajibanza ukutani, wakaacha njia pana toka mlangoni hadi kwenye mizani. Hakuingia mtu. Hakikutundikwa kitu. Hata hivyo mnyororo ukakaza, na mshale ukashuka taratibu mpaka thelathini na sita, ukatulia.

“Amepimwa,” wakaitika wote kwa sauti ya chini. Karani akachovya kalamu, daftari likiwa wazi mbele yake.

Afisa alimwuliza mjomba ni lini alipomwona papa kwa macho. Mzee hakuficha. Wa mwisho, alieleza, aliletwa miaka kumi na moja iliyopita, jike lenye mimba. Kesho yake hakuletwa mwingine, na mkono wake ukakataa kuandika sufuri. Akanakili kilo za jana. Siku ya tatu mizani ikaanza kumtii. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa bado inaendelea.

“Ukimfuta, mama, mimi nitazeeka na jina la mwongo.”

“Nisipomfuta, mjomba, watavuliwa hata wale wachache waliosalia kwingine.”

Mzee aliitazama kulabu ya mizani, kisha akamsogezea kalamu.

“Andika. Tena iwe ya mviringo, kama nilivyokufundisha.”

Afisa akaandika sufuri daftarini kwenye mstari wa siku ile, kisha akakata kwa wino kilo zote za papa za miaka kumi na moja kwenye fomu zake, ukurasa baada ya ukurasa. Mshale haukupanda. Mnyororo ulibaki umekaza, na chini ya kulabu tone la maji likadondoka sakafuni, kisha la pili.

“Na sasa nani atamshusha?” mvuvi mmoja akanong'ona.

Karani aliinuka kitini, akasimama chini ya mizani, akanyoosha mikono yote miwili. Mnyororo ukalegea ghafla, na magoti ya mzee yakapinda kwa uzito.