Mlenda wa Juu ya Paa

Tangu Hajati Dawlat arudi kutoka hospitali, nyumba yao ya Damanhur ilikuwa kimya kiasi cha mtu kusikia friji ikiguna. Nagla, mke wa mwanawe, hakuwahi kujua kwamba friji ile huguna. Tangu aolewe akaletwa pale kutoka Port Said, pwani, sauti iliyojaa vyumbani ilikuwa moja tu, ya mama mkwe wake, kuanzia alfajiri anapogombana na kunguru mpaka jioni anapogombana na mtangazaji wa televisheni. Hajati hakuwa mtu wa kunong'ona. Harusi za mtaa mzima hazikuanza mpaka yeye apige kigelegele cha kwanza, na muuza samaki alikuwa akisimamisha mkokoteni wake kona ya mbali, maana alijua mama huyu ataita bei kutoka ghorofani na kumuumbua mbele za watu.

Sasa alikaa kitandani na mtandio mweupe shingoni, mdomo kaufunga. Walikuwa wamemtoa rovu, ule uvimbe wa kooni. Daktari alimwamuru asiongee mpaka kidonda kikauke, naye akatii, jambo ambalo peke yake liliwashangaza jamaa zake. Kidonda kilikauka. Siku aliyoruhusiwa kusema, alifungua mdomo amwite mwanawe Medhat, na kilichotoka kikawa mkwaruzo, kama mlango wa ghala uliokosa mafuta. Hajati alijiziba mdomo kwa mtandio. Tangu saa ile hakutoa tena sauti, hata ya kukohoa.

Walimrudisha kwa daktari. Akamulika, akatazama, akawaita pembeni Medhat na Nagla. Koo limepona, alisema, nyuzi za sauti ni nzima kabisa. Kilichobaki ni hofu. Lakini akiendelea kunyamaza, mwili utazoea kunyamaza, na kuirudisha sauti itakuwa kazi kubwa. Wengine haiwarudii kamwe. Msimlazimishe, na msimwache vilevile. Medhat alitoka pale akijikuna kichwa njia nzima, akiuliza mtu afanye nini na ushauri wa namna hiyo. Alimnunulia mama yake kibao cha kuandikia, kile cha watoto. Hajati akakitazama, akamtazama mwanawe, kisha akakifanya kifuniko cha mtungi wa achari.

Medhat aliogopa kama mwana anavyoogopa. Hofu ya Nagla ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa na siri ndani yake. Wakati fulani kabla ya ugonjwa, Hajati aliwaambia wageni, Nagla akiwa pale pale na sinia la chai, kwamba watu wa Port Said huosha mchele kama wanaosha gari. Wageni walicheka. Nagla alipanda juu ya paa kuanika nguo, na huko, kati ya shuka na shuka, akainua uso akasema, Ee Mola, nipumzishe na mdomo wa mwanamke huyu. Aliisema kwa moyo wote. Haukupita muda rovu likaonekana.

Alijua fika kwamba Mungu si tarishi wa kutumwa na wakaza wana wenye hasira. Alijiambia hivyo kila siku. Lakini kila alipopita mbele ya chumba kile na kumwona mama mtu mzima amekaa kimya anatazama mikono yake, dua ile ilimrudia. Hakumwambia yeyote, hata Medhat.

Ilibidi pia ashike bustani. Bustani ilikuwa juu ya paa hilo hilo, katikati ya madishi ya televisheni na mabanda ya sungura, na hapo awali hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa. Hajati alipanda kwenye maboksi meupe ya samaki, kwenye ndoo zilizotoboka, na kwenye beseni la kuogea ambalo Medhat aliogeshwa akiwa mtoto. Udongo aliletewa na kaka yake kutoka shambani, mweusi wa mto, na mbolea ilikuwa ya sungura. Kulikuwa na bamia, pilipili, giligilani, na majani machungu ya kula na jibini. Lakini beseni la kuogea, mahali pa heshima, lilikuwa la mulukhiya, yaani mlenda.

Nagla hakulima maishani mwake. Kwao mboga ilitoka sokoni imefungwa kwa kamba. Siku za mwanzo alimwagilia adhuhuri, jua kali, majani yakalala kama yamepigwa. Aliposhuka, Hajati, aliyekuwa ameona maji yakichuruzika dirishani saa isiyo yake, alichukua kijiko akakigonga kwenye mfuniko wa sufuria. Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha yake siku hizo. Kugonga mara moja kulikuwa hapana, na kugonga mfululizo kulikuwa na maana ambayo Nagla hakuhitaji kutafsiriwa. Basi akajifunza kumwagilia asubuhi na mapema. Akajifunza kuwafukuza shomoro, na kuwagawia sungura magugu badala ya giligilani. Mlenda ulinyooka ukampita kiuno, naye, ingawa asingekiri mbele ya mtu, alianza kupanda juu hata asipokuwa na kazi, ili autazame tu.

Asubuhi moja Mama Girgis, jirani wa paa la pili, alimwita kupitia juu ya ukuta.

"Wewe bibi wa Port Said, unangoja nini? Huo mlenda unaanza kutia maua. Ukishatoa mbegu ni uchungu mtupu, utawapa sungura wale, na sungura watakukasirikia."

Nagla akatazama. Kweli, vijiua vya manjano vilikuwa vimechungulia kwenye ncha. Aliteremka mbio, akamwambia mama mkwe kwamba mlenda unatia maua, je, ukatwe leo? Alingoja kijiko. Alikingoja kwa hamu, hata kile cha kugongwa mfululizo. Hajati aliinua bega moja akageukia ukutani.

Hapo ndipo Nagla alipotishika kwelikweli. Mwanamke huyu aliwahi kuacha kilio cha msiba akapanda juu kuufunika mlenda wake mawingu ya mvua ya mawe yalipokusanyika. Leo anaambiwa unaharibika, anageukia ukuta. Nagla alisimama mlangoni akaona wazi kwamba si sauti peke yake iliyokuwa ikiondoka, ni mama mzima, na kwamba wakikaa hivi hivi wakingoja, watamkosa akiwa mbele ya macho yao.

Akapanda na kisu. Hakuomba ruhusa tena. Alikata mashina, akiacha vidole vinne juu ya udongo ili uchipue upya, kama alivyoona ikifanywa, akashuka na mzigo kifuani akaubwaga kwenye meza ya jikoni. Alimwambia Medhat achinje sungura. Medhat alimuuliza kwa sauti ya chini kama ana hakika, maana katika nyumba ile Nagla hakuwahi kupika mlenda. Hajati alishasema mbele ya ukoo kwamba mkono wa huyu binti bado haujafika huko, na kwamba watu wanaopika mlenda na kamba wa baharini wasikaribie sufuria yake. Nagla alimwambia achinje sungura, basi.

Alianza kuchambua majani. Mlango wa jikoni aliuacha wazi makusudi, na makusudi akaanza kusema peke yake, kwa sauti ya kufika chumbani, kwamba mchuzi wa sungura ni mzito kidogo, laiti angepata robo kilo ya kamba.

Kijiko kikagonga chumbani, mfululizo. Kisha zikasikika kandambili. Hajati aliingia jikoni na mtandio wake, akavuta kiti, akamnyang'anya Nagla shina alilokuwa akilichambua na kumwonyesha: jani peke yake, bila kikonyo. Wakachambua pamoja mpaka vidole vikawa vya kijani. Nagla aliyaosha majani akayatandaza juu ya shuka safi yakauke, kwa sababu ukikata majani mabichi ya maji utelezi wote unabaki kwenye ubao. Halafu akashika kile kisu cha mipini miwili kinachopinda kama mwezi mchanga, akakibembeza huku na huku, na kila alipotaka kupumzika, kijiko kiligonga meza. Hajati hakutabasamu. Lakini alikuwa amekaa mbele, si kwa kuegemea, na Nagla aliona hilo.

Mchuzi ulichemka na vitunguu na iliki. Aliutia mlenda, akapunguza moto, akakoroga taratibu. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mlenda ukichemka sana au ukifunikwa, unaanguka: majani yanazama chini, maji yanabaki juu, na mpishi anabaki na aibu yake. Pembeni, Nagla aliponda kitunguu saumu na mbegu za giligilani, akakaanga kwa samli. Macho yake yote yalikuwa kwenye kikaango kile. Alihofia kitunguu kisije kikaungua. Alihofia macho yaliyokuwa nyuma yake. Kitunguu kilipopata rangi ya dhahabu alikinyanyua kikaango kwa mikono miwili akakimimina sufuriani, chaaa, mvuke ukampanda usoni.

Akasahau shahka.

Hakuna mwanamke wa nchi ile anayeisahau. Wakati kitunguu saumu kinaingia kwenye mlenda, mpishi lazima avute pumzi kwa kishindo, kama aliyeshtuliwa na habari ya kifo, la sivyo chakula hakina ladha na mlenda unaanguka. Hiyo ndiyo shahka. Ukimuuliza mtu sababu, atakutazama kama umemuuliza kwa nini chumvi. Bibi yake Nagla aliipiga, mama yake aliipiga, na mwenyewe aliipiga hata jikoni kwa rafiki zake, kwa mzaha. Siku hiyo, kwa woga, alimimina na midomo imebanwa.

Na nyuma yake shahka ikalia. Ndefu, ya kutoka tumboni, ya sauti kamili, ile ile iliyokuwa ikiwashtua paka wa ngazini.

"Na shahka je, binti? Unamwaga hivi hivi tu kama maji ya kufulia?"

Nagla aligeuka na kikaango mkononi. Medhat alikuwa amefika mlangoni na mkate kwapani, na mkate ukaanguka. Hakuna aliyeuokota. Hajati alikuwa amesimama, mkono kooni, macho yamemtoka kuliko ya wote. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, ndiyo, lakini ilikuwa yake, na kila neno lilikuwa limesimama kwa miguu yake.

Alimeza mate. Ilionekana angeweza kurudi nyuma, akajiziba tena. Lakini Hajati Dawlat hakuumbwa kuacha lawama nusu.

"Na kitunguu umekiunguza," alisema. "Pembeni hapo. Nimeona."

Medhat alikaa sakafuni akalia kama mtoto, na mama yake akamwambia ainuke, anakalia mkate. Nagla yeye alihisi ametuliwa gunia ambalo alikuwa amelibeba mpaka akasahau kwamba si sehemu ya mgongo wake. Alimshika mama mkwe mikono yote miwili, ya kijani kwa ya kijani, na yote yakamtoka bila mpangilio: nguo alizokuwa akianika, wageni, mchele, dua.

"Niliomba unyamaze, mama. Niliomba kwa Mungu. Kisha ukaugua. Nisamehe, mimi ndiye niliyekufanyia."

Jikoni pakawa kimya tena, na kimya hicho Nagla alikiogopa kuliko vyote vilivyopita. Hajati alimkazia macho.

"Kumbe dua zako zinafika," akasema. "Na mimi nahangaika na tembe za daktari. Basi niombee haya magoti."

Kisha akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu, akambusu paji la uso. Alimnong'oneza kwamba hata yeye mwenyewe aliwahi kumwombea bibi yake Medhat, yaani mama mkwe wake, mambo ambayo hayasemeki, na bibi yule aliishi mpaka akachoka mwenyewe. Nagla alicheka na kulia kwa pamoja, na kamasi zikamdondoka kwenye mtandio mweupe wa Hajati. Medhat alibaki anawatazama, akauliza hayo magoti yameingiaje, wakamwambia apange sahani.

Walikula hapo hapo jikoni, wali na sungura na mkate uliopondeka. Hajati alikuwa na ukimya wa wiki nyingi wa kuulipia. Alisema kuhusu bamia ambazo hazikupogolewa, kuhusu Mama Girgis na kelele zake, kuhusu muuza samaki ambaye lazima amekuwa akijitajirisha huku hakuna wa kumkemea. Alipochoka sauti ilififia, akanywa maji, akaendelea. Medhat alikuwa akimtazama mdomoni badala ya kula. Nagla alisikiliza, na kila kashfa ilimwingia kama baraka.

Mwishowe Hajati alizamisha kijiko sufuriani, akakoroga mpaka chini, akakiinua na kuuacha mlenda udondoke taratibu. Ulikuwa mzito, sawasawa, kutoka juu hadi chini. Akainamia sahani yake na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mkate, kwamba chumvi ni ndogo, lakini mlenda haukuanguka.

Nagla alikuwa amekaa karibu kiasi cha magoti yao kugusana. Alikuwa amesikia vizuri sana.

"Sikusikia, mama," alisema. "Hebu sema tena."