Wimbo wa Nne

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, simu ya Teresa ilitikisika juu ya meza, ikasogea mpaka ikagusa kikombe cha chai. Ofisi yake ilikuwa kontena lililokatwa dirisha, ndani ya uwanja wa malori, upande wa Kenya wa mpaka wa Malaba. Teresa alikuwa mkaguzi wa nafaka. Kazi yake ilikuwa kuchoma magunia ya mahindi kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, kutoa punje chache, kuzipima unyevu na sumukuvu, kisha kusema lori lipite au lirudi lilikotoka.

Ujumbe ulikuwa wa Akiteng, binti wa marehemu mumewe. Ulikuja na albamu nzima.

"Anti, leo saa kumi tunaizindua hapa Busia. Sikiliza zote, usiruke. Ukiielewa ya nne, njoo. Usipoielewa si neno, tutaonana siku nyingine."

Siku nyingine. Tangu wamzike Okurut kule Amukura, siku nyingine zilikuwa zimegeuka miezi, na miezi ikawa inaelekea mwaka wa tatu. Teresa alimlea msichana yule tangu ana miaka mitano, mama yake mzazi akiwa ameshafariki. Lakini uzi uliowashona pamoja ulikuwa Okurut, na uzi huo ulikatika. Damu hawakuchangia. Hata jina la kuitana lilikuwa la kuazima: Anti. Ikiwa hatauelewa wimbo mmoja kabla ya saa kumi, Teresa hakuona ni kipi kingine kitakachomrudisha Akiteng nyumbani kwake.

Akavaa spika za masikioni, akaanza na wa kwanza.

Muziki aliouzoea ulikuwa wa aina mbili: kwaya ya kanisani, na rumba ya redio ya Okurut. Yote miwili ilikuwa na adabu; wimbo ulikwambia unakokwenda, ukaenda. Huu haukusema. Piano iligusa sauti tatu, ikanyamaza kana kwamba imesahau. Mpiga ngoma alikuwa akifagia badala ya kupiga. Akiteng naye aliimba nyuma kidogo ya ngoma, kama mtu aliyechelewa na hataki kukimbia. Teresa alingoja kiitikio. Wimbo ukaisha bila kiitikio.

Wa pili ulianza vizuri, halafu saksafoni ikaingia katikati ya neno na kukaa humo kwa muda mrefu, ikianza sentensi na kuiacha. Wa tatu ulikuwa na besi peke yake na mtu aliyekohoa. Teresa alirudisha nyuma kuhakikisha. Ni kweli, mtu alikohoa, na wakamwacha.

Kisha wa nne.

*Toto, chuma baridi kimeingia ubavuni,*
*umetoa kidogo tu, umejua yote.*
*Nilikuita toto, ukasema toto ni mimi.*
*Nikanyamaza, nikakua.*

Baada ya hapo Akiteng alinong'ona kitu chini ya saksafoni, akakirudia na kukirudia. Teresa aliongeza sauti mpaka masikio yakamuuma. Hakukipata.

Aliusikiliza tena, akauchambua kama anavyochambua sampuli. Chuma baridi: kisu cha daktari. Ubavuni: tumbo, kwa lugha ya adabu. Toto: mtoto. Ushahidi wote ulielekea upande mmoja. Akiteng alipata mimba kule Kampala alikokuwa akipiga muziki, akapasuliwa, na mtoto au yuko mahali fulani au hayuko. Kasoro ilikuwa mstari wa tatu. Ni mtoto gani mchanga anayemjibu mtu kwamba toto ni yeye? Mstari huo haukukaa popote.

Akaandika: "Ulipasuliwa lini? Mtoto yuko wapi? Niambie ukweli, sitakasirika."

Jibu halikuchelewa. "MTOTO GANI ANTI?? Sikiliza tena."

Mlango wa kontena ukagongwa kwa teke dogo. Alikuwa Emukule, wakala wa forodha, mtu wa Malaba hapo hapo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiingia mahali kimya kimya.

"Madam Teresa! Mahindi yangu yanaota huku nje na wewe uko disko?"

"Si disko. Ni jazi."

"Jazi ni disko ya watu waliosoma." Akavuta kiti. "Hebu nisikie."

Teresa akampa spika moja na kumwekea wimbo wa kwanza. Wa nne hakumpa. Hayo yalikuwa mambo ya nyumbani. Emukule aliinamisha kichwa na kukunja uso.

"Huyu si Akiteng wetu? Wa marehemu Okurut?"

"Ni yeye."

"Sauti yuko nayo. Lakini huyu wa piano, amelipwa nusu ama? Mbona anapiga akiacha?"

"Sijui. Nimesikiliza na sijui."

"Basi tuko wawili, madam. Twende kwa mahindi. Hayo yanaeleweka."

Lori lilikuwa limetoka Mbale, limefunikwa turubai la bluu. Vijana wa mizigo walikuwa wameshafungua ubavu mmoja. Teresa alivaa glavu, akachagua gunia la katikati, akalichoma. Bambo likaingia mpaka mpini. Nyuma yake simu ya Emukule ililia, naye akaipokea kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo.

"Yoga, toto!" akasalimu kwa Kiteso. "Eh, toto. Niko kazini, toto. Nitaleta."

Mkono wa Teresa ulisimama.

Aliliangalia bambo. Chuma baridi. Kimeingia ubavuni mwa gunia. Alikivuta polepole, akageuza mfereji juu ya kiganja. Zikaanguka punje kidogo tu.

"Emukule. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mama. Anataka dawa ya mbuzi. Kwani?"

"Umemwita nani?"

"Si toto! Madam, umeolewa kwa Wateso, umekaa na Wateso, leo ndiyo unauliza toto ni nani?"

"Najua toto ni nani," Teresa alisema.

Na alijua. Alikuwa amelisikia neno hilo sokoni, kanisani na kwa mama mkwe wake mpaka likawa kama kelele za malori. Toto, kwa Kiteso, ni mama. Lakini wimbo ulikuwa wa Kiswahili, na kwa Kiswahili toto ni toto, kwa hiyo akachukua maana iliyokuwa karibu, akafunga hesabu.

Kisha mstari wa tatu ukakaa mahali pake, na hakupenda ulipokaa.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya ndoa. Okurut alikuwa safarini na gari. Teresa alikuwa ametoka kwao Rukala juzi tu na hakujua neno hata moja la Kiteso. Mtoto wa miaka mitano alisimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, akasema, "Toto." Teresa akacheka kwa upole, akamwonyesha kwa kidole. "Toto ni wewe. Mimi ni mtu mkubwa." Mtoto akamtazama, akatoka nje. Jioni jirani akamfundisha kusema Anti, na Anti ikabaki. Miaka baadaye Teresa alilijua neno. Hakuwahi kulirudisha kwenye ule mlango.

"Madam? Mahindi ni mabaya?"

"Sijapima bado. Usinisukume."

Alipima gunia baada ya gunia mpaka akamaliza, kwa kuwa lori halikuwa na kosa. Lilipopita alirudi kwenye kontena, akafunga mlango na kuuweka tena wimbo wa nne. Safari hii hakuongeza sauti. Alikijua anachokitafuta, kwa hiyo kilikuja chenyewe, chini ya saksafoni, tena na tena: *kumi na tatu nukta tano, kumi na tatu nukta tano*. Hicho ndicho kiwango cha juu cha unyevu ambacho mahindi yanaruhusiwa kuwa nacho. Akiteng alikuwa akishinda naye kazini siku za likizo, ameketi juu ya magunia matupu, akimsikia akiitaja namba hiyo kwa kila dereva.

Hakuna mwanamke mwingine ambaye wimbo ule ungemhusu. Hilo lilithibitika. Kama ulikuwa lawama au salamu, hakuweza kupima. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta pia. Kisha akavua glavu ambazo alikuwa amesahau kuzivua.

Saa kumi ukumbi wa Busia ulikuwa umejaa nusu. Teresa alikaa safu ya pili. Akiteng, shingo ndefu ya baba yake, gitaa kifuani, alimwona akaendelea kukaza nyuzi. Nyimbo zilipigwa kwa mpangilio ule ule. Mahali pa kukohoa hapakukohoa mtu. Kwenye wa nne Akiteng alifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi kabla haujaisha, kwa kuwa nao hawakujua unaishia wapi.

Baadaye Teresa alipanda jukwaani. Akiteng alikuwa amepiga magoti, akikunja nyaya.

"Ya nne nimeielewa," Teresa alisema. "Zingine bado."

"Hata wa saksafoni haelewi zingine."

"Ile ya tatu, yule aliyekohoa?"

"Ni mimi."

"Mbona hamkufuta?"

"Ilikuja mahali pazuri."

Teresa aliliwaza hilo, hakuona maana yake. Akiteng alichomoa waya wa mwisho, akaunyoosha nyuma ya bega bila kuinua kichwa.

"Toto, nishikie hii."

Teresa aligeuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akaushika waya.