Ukumbi Uliomchukia Mwanangu

Mwanangu alipouawa, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mie mama yake nilikuwa nimekaa katikati yao, mkoba nimeubana mapajani, na ningekuwa mtu wa kupigana ningeanza na yule bwana wa kushoto kwangu aliyepiga mluzi.

Ilikuwa picha ya sinema tu, najua. Lakini hebu mzae mtu, mumlee kwa mihogo na korosho za Masaki yetu ya Kisarawe, halafu mkae kwenye viti vya plastiki huko Tangini, Kibaha, mumtazame anapigwa risasi na kijana wa watu. Ndipo mje mniambie ilikuwa picha tu.

Tulitoka Kisarawe asubuhi, mie na mume wangu Kondo, kwa ajili ya jambo moja. Binti yetu Maua anauza kwenye duka la dawa Kibaha, na jioni anaigiza na kikundi cha kijana mmoja anaitwa Didas. Hii ndiyo picha yao ya kwanza. Sasa Didas anataka kwenda kupiga nyingine Mbeya, miezi kadhaa, na Maua kasema haendi bila ruhusa ya baba yake. Kondo akamjibu kwenye simu kwamba atakuja kuitazama hiyo ya kwanza kwa macho yake. Akiona ni upuuzi, Maua atafungasha arudi nasi Masaki, na habari za kuigiza ziishe. Namjua Kondo. Akishasema hivyo, kumbembeleza ni kujichosha bure.

Njia nzima aliogopa, nami niliogopa, kwamba tutamkuta mtoto wetu kakumbatiwa na mwanamume mbele za watu. Nilimwomba Mungu iwe vita tupu, na Mungu akanisikia kuliko nilivyoomba.

Stelingi, mhusika mkuu wa picha, alikuwa mdunguaji, askari wa kulenga watu kutoka mbali, na aliyemwigiza ni kijana mzuri wa sura anaitwa Fabian. Kajifunika majani, kalala kilimani na bunduki yenye darubini, anamngoja kamanda wa adui. Kamanda huyo aliitwa Kapteni tu, na Kapteni ndiye Maua. Alipotokea mara ya kwanza, na magwanda na kofia, nilimshika Kondo mkono. Akautoa.

Basi, mwanangu alikuwa mbaya. Sijui alikoutoa ubaya ule, kwetu hatukumfundisha. Mateka walikuwa wamefungwa juani, mzee mmoja kati yao anaomba maji. Kapteni akachukua ndoo, akaisogeza mpaka karibu na midomo ya yule mzee, akaimwaga polepole huku anatabasamu. Na tabasamu lenyewe nalijua, ni lile lile alilokuwa akituamkia nalo asubuhi. Ukumbi ukaguna. Kondo akasema, "Astaghfirullah," akanigeukia kana kwamba ni mie niliyemwaga.

Yule bwana wa kushoto, Ambokile, mtu wa ofisini, tulikuwa tumejuana majina kabla taa hazijazimwa. Alikuwa anamtukana Kapteni kwa kunong'ona, hajui kakaa na nani. Mwanzo nilikasirika. Kisha nikaanza kuona raha. Mtu mzima, shati limenyooshwa vizuri, anamchukia mwanangu mpaka jasho linamtoka. Hilo halipatikani kwa kubahatisha.

Mwishoni Kapteni yuko nyumbani kwake. Kakaa kwenye kigoda, binti yake mdogo yuko kwenye mkeka katikati ya magoti yake, anamsuka. Anaimba kidogo. Kule kilimani mdunguaji kampata kwenye darubini. Anangoja, anangoja, halafu anapiga. Maua akaanguka kiubavu, kitana kimebaki kwenye nywele za mtoto.

Hapo ndipo yalipopigwa yale makofi. Taa zilipowashwa ukaanza ubishi.

Didas alikuwa amesema kila mwenye maoni atapewa kipaza sauti, na nadhani alijuta. Aliyeanza ni Laurensia, muuguzi mstaafu aliyekaa mbele yetu. Alisema hajawahi kuona stelingi mwoga namna ile. Askari anapigana na askari, hampigi mama anayemsuka mtoto. Vijana wa nyuma wakamzomea. Ambokile akaomba nafasi, akasema kazi ni kazi, na kwamba wale mateka nao walikuwa na watoto wa kusukwa, ila hakuna aliyekwenda kuwaonyesha. Mmoja akadai stelingi halisi ni Kapteni, maana alipokufa na picha ikaisha. Mwenzake akamwambia stelingi hafi, huo ndio utaratibu tangu zamani, na kama hajui utaratibu asitazame picha. Na mie nilidhani watu wa mjini wametulia. Walibishana kuliko wanaume wa Masaki kwenye bao.

Nilikuwa nafurahia yote hayo mpaka nilipoona kiti cha kulia kwangu kitupu. Kondo kasimama, kanyoosha mkono anaomba kipaza sauti. Nikamvuta kanzu. Akaitoa kwenye vidole vyangu kwa upole, na upole wa Kondo ndio wa kuogopwa. Nikajua yamekwisha: atawatangazia kwamba yule ni binti yake na kwamba anaondoka naye. Maua alikuwa kasimama mlangoni, kavaa dera na mtandio, hakuna aliyemtambua. Nilimwona akiinamisha kichwa.

"Mie natoka Masaki, Kisarawe," Kondo alisema. "Nimewasikiliza. Mama pale anasema yule asingepigwa kwa vile anamsuka mtoto. Mie nimemwona akimwaga maji ya mzee mwenzangu. Tangu hapo sikutaka kitu kingine. Ningekuwa na bunduki ile ningempiga kabla hajashika kitana."

Vijana wakashangilia. Kondo akangoja watulie.

"Na yule ni binti yangu. Nimembeba mabegani, jina nimempa mie. Nimekaa hapa nikasahau kama ni wangu. Nilipokuja kukumbuka, kashakufa."

Akarudisha kipaza sauti cha watu.

Ambokile alinigeukia taratibu, na mie sikumngoja aulize. Nikamwambia ndiyo, huyo Kapteni nimemzaa mie. Sijui kama niliwahi kujisikia fahari vile, hata siku ya harusi yangu.

Maua akaja kuamkia watu. Alimpa Ambokile shikamoo na mkono; mkono wa Ambokile ukanyanyuka nusu, ukarudi, na marahaba ikachelewa kutoka. Laurensia yeye alimkumbatia, akampapasa mgongo pale risasi ilipoingia, akamwambia pole. Nimewashukuru wote wawili. Lakini nikisema kweli, aliyenifurahisha zaidi ni yule aliyeshindwa kumpa mwanangu mkono.

Mwisho Maua akasimama mbele ya baba yake. Nyuma ya mlango kulikuwa na begi kubwa, na Kondo akauliza ni la nani. Maua akasema ni lake, kashafungasha, hakutaka kutuchelewesha gari. Alisema hayo bila kulia, ila mtandio alikuwa anausokota kama kamba. Hakuwa amesikia ruhusa yoyote. Alichosikia ni baba yake akisema angempiga risasi.

Kondo aliliinua begi, akalipima uzito, akaliweka begani.

"Unakaa wapi?"

"Huko nyuma ya soko, baba."

"Tangulia. Begi la kwenda Mbeya halifungwi hivi. Limevimba upande mmoja, litakutobokea njiani."

Maua alinitazama mie, kama anauliza kama kasikia vizuri, na machozi aliyokuwa kayazuia yakamtoka. Mie yangu yalikwisha kutoka zamani. Didas alikuja mbio kutaka kumpokea Kondo mzigo, akafukuzwa. Tukapita mitaani, Maua mbele, mume wangu na kanzu yake na lile begi katikati, mie nyuma. Waliomtazama mara mbili aliwasimamisha mwenyewe. Aliwaambia begi ni la binti yake, Kapteni, huyo hapo mbele, na kwamba wakitaka kumchukia waende kwanza wakaitazame picha.