Kigoda Mlangoni

Fundi cherehani aliingia katika umoja wa wafanyabiashara wa mtaa kwa shingo upande, kumridhisha mama mkwe wake tu. Kwake umoja ulikuwa chai na porojo. Ile desturi yao ya kupindua kigoda mlangoni ukipatwa na shida aliicheka mpaka mbavu zikamuuma. Nani aache duka lake akimbilie kigoda?

Asubuhi ile cherehani yake ilikata roho, na gauni la bibi harusi lilikuwa bado halina mikono. Harusi yenyewe alasiri. Alimwacha mama mkwe mbele ya duka, akavuta pazia, akakaa nyuma ya pazia hilo na sindano ya mkono, machozi yakimlengalenga. Bora afe kuliko mshindani wake, fundi wa ng'ambo ya barabara, ajue.

Mara akasikia milango ya mabati ikishushwa, duka moja, la pili, kisha mtaa mzima. Alipochungulia alipigwa na butwaa. Kinyozi alikuwa mlangoni, taulo begani, na mteja wake nyuma amenyolewa upande mmoja. Muuza misumari, mshona viatu, mama wa duka la dawa, hata yule mshindani, wote wamekuja.

"Kuna nini, dada?" kinyozi aliuliza.

"Mbona hakuna kitu!"

"Na kigoda je?"

Kigoda chake kilikuwa nje, miguu juu.

"Jamani, nisameheni," mama mkwe alidakia. "Nimepiga deki, nikakiweka kikauke."

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye angeweza kucheka tu, wakaenda zao, na siri yake ikabaki salama. Lakini maneno yalimtoka yenyewe: "Msiondoke. Cherehani imekufa."

Mshindani aligeuka papo hapo. Alivuka barabara, akarudi na cherehani yake mwenyewe begani, jasho likimtiririka. "Haya, wewe kata, mimi nashona."

Fundi alishika mkasi, akiwatazama. Mtaa mzima umefunga maduka asubuhi ya biashara, kwa ajili yake! Hakujua kuna kitu kikubwa hivi duniani, na yeye alikuwa ndani yake.

Gauni lilipoondoka, alikwenda kukiinua kigoda. Kilikuwa na vumbi. Sakafu nayo ilikuwa bado imejaa nyuzi za jana.

"Mama, hiyo deki ulipiga wapi?"

Mama mkwe alikuwa ameinamia birika. "Lete vikombe," alisema. "Wenzako wana kiu."