Mtungi wa Watu wa Kale

Mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji, daktari mmoja Mjerumani, mtafiti wa mapango, alimchukua Bakili amwongoze msituni mashariki ya Songea. Ndani kabisa ya pango wakakuta majivu na mtungi wenye ufa uliozibwa kwa nta. Daktari akapiga magoti kama yuko kanisani.

"Watu wa kale! Miaka elfu mbili!"

Ufa ule Bakili aliuziba mwenyewe, kijiji chao kilipojificha humo askari wakichoma mashamba. Mkewe Zena hajaacha kumnunia kwa kuusahau mtungi.

Daktari akaufunga kwa pamba, uende Berlini. "Walikwisha wote, hao?"

"Wengi wao, bwana," Bakili akasema, akamnyanyulia taa aone vizuri.